Mama Shadia na Watu wa Januari Mosi

Mama mdogo wangu Asmahani, ambaye Kasulu mjini wanamwita Mama Shadia, anauza misumari. Anauza pia mabati, simenti, rangi, kamba na makufuli, lakini ukimuuliza anafanya kazi gani atakujibu misumari, maana jibu lingine ni refu na watu huanza kuangalia pembeni kabla halijaisha.

Jibu lingine ni hili. Juu ya kaunta, kati ya mizani na kopo la brashi zilizokauka, kuna kompyuta. Asipokuwa na mteja anaandika programu. Siyo zile zenye picha za kuangalia. Anaandika kile ambacho wenyewe wanakiita laibrari, na siyo nyumba ya vitabu, ni kama sanduku la zana ambalo mwandishi mwingine wa programu analiazima ili asianze kuchonga nyundo yake mwenyewe. Sanduku la mama mdogo linaitwa Chekeche. Ukiwa na majina mengi kwenye kompyuta, unaiambia Chekeche nitolee wanawake tu, au nipangie kuanzia mkubwa mpaka mdogo, nayo inachekecha na kupanga. Ameiweka mtandaoni bure. Watu wa nchi za mbali wanaitumia na hajawahi kumwona hata mmoja.

"Bure?" babu Nurudini, baba yake, huuliza kila inapotajwa. "Waambie basi angalau wanunue misumari."

"Wako Brazili, baba."

"Kwani Brazili hawajengi?"

Mama mdogo alisomea kompyuta Dodoma. Alirudi Kasulu mguu wa babu ulipogoma, kwa sababu duka haliwezi kukaa na mtu asiyeweza kusimama. Alisema atakaa mpaka mguu upone. Mguu haukupona na yeye hakulisema tena. Vumbi la simenti limeingia kwenye vitufe vya kompyuta, herufi A lazima aipige kwa nguvu. Ukikaa dukani unasikia kimya, kimya, halafu kishindo.

Kwetu kila mtu anajua alizaliwa lini. Baba yake babu, aliyekuja huku na chumvi na nguo, alikuwa anaandika vizazi vya ukoo kwenye karatasi ya mwisho ya msahafu, siku na saa, na babu anaendelea mpaka leo. Hata mapacha wetu wana siku mbili: mmoja alizaliwa magharibi ya Jumanne, mwenzake alfajiri ya Jumatano. Kwa hiyo mama mdogo alipotaka kuijaribu Chekeche mara ya kwanza, aliijaribu kwa majina ya ukoo. Iliwapanga wote vizuri, hakuna aliyegongana na mwenzake. Akaridhika. Mtu hujaribu kitu kwa watu alionao.

Sasa kuna Vestina. Huyu ni mwenyekiti wa kikundi cha ng'ombe cha wazee wa Kumsenga, huko Kibondo. Wengi wao ni familia zilizotoka Burundi, zikapita kambini, leo ni raia na wanalima mihogo na maharage kama watu wote. Utaratibu wao ni kwamba ng'ombe wako akizaa jike, yule ndama akishakuwa mtamba anapewa mwanachama anayefuata, na anayefuata ni mkubwa kwa umri kati ya wale ambao bado hawajapata. Zamani zamu zilikuwa zinakaa kichwani mwa Vestina. Watu wakaanza kumletea kuku. Ndipo kijana mmoja wa Kibondo mjini, Ridhiwani, akawatengenezea programu ya simu, na ndani yake akaweka Chekeche ya mama mdogo. Simu haipokei kuku. Vestina anasema alilala vizuri mwaka mzima.

Alikuja dukani kununua misumari ya bati, Ridhiwani akiwa amemwelekeza. Alimwamkia babu, akaulizia mguu, akajibiwa kwa urefu, halafu akaegemea kaunta.

"Mama Shadia, nina mtu amepotea."

"Poleni. Polisi mmeenda?"

"Hajapotea hivyo. Yuko kwake anamenya mihogo. Amepotea kwenye simu."

Mtu mwenyewe alikuwa Akimana, mjane wa Kumsenga. Simu ya kikundi inaonyesha watu kumi kwa kila ukurasa. Siku ya mkutano Vestina anasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, na watu wanasikiliza kama matangazo ya kanisani. Jina la Akimana lilikuwa halisomwi. Mitamba wawili walikuwa wameshampita na kwenda kwa wengine, na banda lake, alilolijenga kwa miti aliyoibeba mwenyewe, lilikuwa tupu, kuku wa jirani wanataga humo.

"Na yeye hakusema kitu?" mama mdogo aliuliza.

"Aseme nini? Kwetu mtu hajitaji mbele ya ng'ombe. Ukidai, hata ukipewa, ni ng'ombe wa kudai. Mtu mzima hawezi."

"Sasa akafanya nini?"

Vestina alivuta pumzi. "Akaanza kuomba msamaha."

Ilikuwa hivi. Akimana alifikiri kikundi kimemhukumu kwa kosa fulani. Kosa lipi hakulijua, kwa hiyo akaamua kuyamaliza yote. Alimrudishia jirani mchi wa kutwangia ambao jirani alikuwa ameshausahau, ameshanunua mwingine, na huo mwingine umeshavunjika. Alimwambia katekista kwamba wakati wa mahubiri analala macho wazi. Alikwenda kwa mdogo wake wa ukoo, Niyonkuru, akamwambia yule mbuzi aliyekula maharage yako miaka ile hakuwa wa mtu mwingine. Kumsenga nzima ikawa inajua mambo ambayo haikuwa na shida nayo.

"Kwangu alikuja Jumapili," Vestina alisema. "Akaniambia siku ya harusi yangu alisema rubisi yangu ni maji ya kunawia. Nilikuwa sijui kama alisema. Sasa najua."

"Ilikuwa maji?" babu aliuliza.

"Mzee, ndizi hazikuiva vizuri."

Vestina alifafanua jambo lenyewe. Kuna mtamba mmoja, wa kahawia, atakabidhiwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Baada ya huyo hakuna mwingine karibuni, ng'ombe waliobaki wote wamezaa madume. Akimana amesema asiposomwa safari hii ataling'oa banda, miti afanye ya kusimamishia maharage, na kikundi chenyewe ataacha. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia kesho ataenda gulioni.

"Una hakika yumo kwenye simu?" mama mdogo aliuliza.

"Yumo! Nikiandika jina lake peke yake anakuja, na picha yake, na kitambaa kichwani. Nikisema nipangie wote kwa umri, hayumo. Na Mpawenimana yumo mara mbili, ukurasa wa kwanza na wa pili. Mwenyewe anasema ni kwa sababu ya unene."

"Chekeche haimjui Akimana. Haiwezi kumchukia."

"Sijasema inamchukia. Nimesema haimsomi."

"Amezaliwa lini?"

"Januari mosi, hamsini na tatu."

"Na Mpawenimana?"

"Januari mosi, hamsini na tatu."

"Niyonkuru?"

"Hiyo hiyo."

Mama mdogo alimwangalia. "Nyie mnazaliwa kwa kikundi?"

"Kambini karani alikuwa anauliza mwaka. Siku nani anaijua? Akaandika Januari mosi. Na mwaka wenyewe, wengi walitaja ule aliotaja mtu wa mbele yao. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali."

"Siku moja, watu wote hao," babu alisema. Alikuwa amependezwa sana. "Mkunga alikuwa nani?"

Mama mdogo alikuwa ameshaigeukia kompyuta, na alikuwa anasoma kitu akiwa amesimama, jambo ambalo halifanyi. Ulikuwa ujumbe wa mtu mmoja wa mbali, wa miezi mingi nyuma, akilalamika kwamba akitumia Chekeche kurasa kwa kurasa, baadhi ya vitu vyake vinatoweka na vingine vinajirudia. Mama mdogo alikuwa amemjibu apange vitu vyake vizuri, akaufunga mjadala. Aliufungua tena. Hakutuambia umeandikwa nini, nilikuja kuuliza baadaye.

Alivuta debe la misumari ya inchi tatu akamwaga mingi juu ya kaunta. Mmoja akauchovya kichwa kwenye rangi nyekundu.

"Baba, nipangie hii kwa urefu."

"Yote sawa hiyo."

"Kwa hiyo upi unatangulia?"

"Wowote."

"Ndiyo. Mashine nayo inasema hivyo hivyo, wowote."

Aliipanga mstari mmoja, akahesabu kumi ya mwanzo akaisogeza mbele ya Vestina. "Huu ukurasa wa kwanza. Mwekundu yumo?" Hakuwemo, alikuwa wa kumi na moja. Sisi wote tulimwona pale alipo, anasubiri. Halafu mama mdogo akairudisha yote debeni, pamoja na ile kumi, akatikisa, akamwaga, akaipanga upya.

"Mbona unaivuruga?" Vestina aliuliza.

"Sijaivuruga mimi. Ukitaka ukurasa wa pili, simu haikumbuki ilichokupa mwanzo. Inaanza upya. Inawapanga wote tena, inaruka kumi, inakupa wanaofuata. Na hawa wamelingana, kwa hiyo inawapanga vyovyote."

Mara ya kwanza mwekundu aliangukia mbali. Akarudia. Kuna mteja alikuwa amekuja kununua misumari ya inchi tatu, akaona yote ina shughuli, akasubiri, akaondoka, akarudi kwa sababu duka la jirani lilikuwa limefungwa kwa msiba. Aliporudi mwekundu alikuwa ametokea wa kumi. Mama mdogo alihesabu kumi, akairuka, na mwekundu akarukwa pamoja nayo.

"Ukurasa wa kwanza ulipoulizwa, Akimana alikuwa wa kumi na moja," alisema. "Wa pili ulipoulizwa, alikuwa wa kumi. Kwenye kumi wa kwanza hayumo, kwenye kumi wa pili hayumo. Na Mpawenimana alifanya kinyume chake, kaingia kote kuwili."

Vestina aliuangalia ule msumari muda mrefu. "Maskini," alisema.

"Na mimi nauziwa lini?" mteja aliuliza.

Aliuziwa, mwekundu akiwa ndani. Mama mdogo alikuwa ameshaanza kupiga vitufe.

Dawa aliyoiona ilikuwa fupi. Aliifundisha Chekeche kwamba watu wakilingana umri, iangalie namba zao za kuandikishwa, maana namba hazilingani kamwe. Aliyeandikishwa mbele anatangulia, leo, kesho, kila ikiulizwa. Aliijaribu kwa wazee wa kubuni, wote wa Januari mosi, akaiuliza kurasa zote mara nyingi mfululizo. Hakupotea mtu. Akamtumia Ridhiwani, Ridhiwani akaiweka kwenye simu ya kikundi, na mama mdogo akapika pilau siku isiyokuwa ya pilau.

Kesho yake Vestina alipiga simu. Mama mdogo aliiweka kwenye spika kwa sababu alikuwa anapima kamba.

"Ameonekana, Mama Shadia! Ukurasa wa pili."

"Alhamdulillahi."

"Ila yuko nyuma ya Niyonkuru."

"Kwa namba ndivyo ilivyo."

"Namba! Tulipokuwa tunaandikishana Akimana alikuwa Kabanga, anamuuguza binti yake hospitali. Akaandikishwa wa mwisho. Niyonkuru ni mdogo wake! Akimana kambeba mgongoni, kila mtu anajua. Mtamba atakwenda kwa Niyonkuru, na mwenyewe Niyonkuru anaona haya, amesema siku hiyo atakuwa na homa."

"Mashine haijui nani alimbeba nani."

"Basi ungeiacha. Uongo wa mwanzo ulikuwa unabadilikabadilika, angalau mtu alikuwa na matumaini. Huu wa kwako umekaa kitako."

Mama mdogo alikata kamba fupi kuliko ilivyotakiwa. Mteja hakugundua, mimi niligundua, na yeye aligundua kwamba nimegundua, akampa mteja kilichopungua na nyongeza juu.

Siku mbili hakuandika chochote. Alikuwa anaifungua kompyuta, anaiangalia, anaifunga, anauza rangi. Babu alimshauri amweke Akimana wa kwanza kwa mkono, nani atajua? Alijibu kwamba Chekeche haiko Kumsenga tu, na ukishamwingiza mtu mmoja mlango wa nyuma itabidi uandike na mlango.

Siku ya tatu vitufe vikasikika tangu duka lilipofunguliwa. Kimya, kimya, kishindo. Alifuta ile dawa ya kwanza. Alichoandika badala yake ni hiki: Chekeche ikiombwa kupanga, na ikakuta watu wamelingana, na haijaambiwa cha kufuata, haibahatishi tena. Inasimama na kuuliza, wakilingana nifuate nini? Mpaka ijibiwe haitoi ukurasa hata mmoja. Akamtumia Ridhiwani, naye akaiweka kwenye simu ya kikundi.

Kabla ya magharibi alikuwa ameshapata ujumbe kutoka mbali. Mtu mmoja alisema programu yake imeanza kumuuliza swali ambalo haikuwahi kumuuliza. Mama mdogo alimjibu neno moja, ndiyo.

Lakini swali la Kumsenga lilihitaji jibu, na jibu halikuwa kwenye kompyuta. Jumamosi tulipanda basi mpaka Kibondo, na kutoka hapo bodaboda. Mama mdogo alivaa viatu vyake vizuri na akabeba kompyuta kifuani kama mtoto. Wazee walikuwa wamekaa nje ya nyumba ya Vestina. Mtamba alikuwa amefungwa pembeni, wa kahawia, mwenye baka jeupe ubavuni, anatafuna. Akimana alikuwa amekaa mbali na mtamba kuliko watu wote, na alikuwa amempa mgongo.

"Shikamoo, bibi," mama mdogo alimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe mwenye ile mashine?"

"Ni mimi."

"Kama kuna jambo nimekukosea, nisamehe."

"Hatujawahi kuonana, bibi."

"Hata hivyo."

Mama mdogo alikuwa amejiandaa kuwauliza wazee mmoja mmoja wanakumbuka nini cha utotoni. Vestina alimwambia asijisumbue, watu hao ukiwauliza umri watakutajia Januari. Akaingia ndani akatoka na chungu cha pombe ya mtama, akakiweka katikati, akachomeka mrija mmoja tu.

"Wa Januari mosi, njooni mnywe."

Kwao chungu hakinywewi ovyo. Mdogo hawezi kuushika mrija kabla ya mkubwa wake, hata awe na kiu ya kufa, na hakuna anayeuliza mkubwa ni nani, wanajua tangu wakiwa watoto wa kuchunga. Mama mdogo alikaa pembeni na soda yake, kompyuta mapajani, akaandika.

Mpawenimana alianza. Yeye alishapata mtamba, kwa hiyo alikunywa kwa amani na kwa muda mrefu, mpaka wakamwambia mrija siyo wa kwake. Akafuata mzee mmoja mwenye kofia, naye alishapata. Halafu mrija ukabaki hewani kidogo. Akimana alikuwa hajageuka. Niyonkuru, yule aliyesema atakuwa na homa, alikuwa wa karibu zaidi na chungu, na mrija hakuugusa. Aliita tu, "Mukuru wanje," yaani mkubwa wangu, kama anamwita mtu aje kula.

Akimana akaja, akanywa kidogo sana, akampa Niyonkuru mrija mkononi. Wengine wakafuata. Hakuna aliyebishana. Kuna mmoja tu alitaka kurudia, akakumbushwa kwamba hii ni kazi.

Mama mdogo aliingiza mpangilio huo kwenye simu ya kikundi, mtu kwa mtu. Chekeche ilipouliza wakilingana nifuate nini, akaijibu: chungu. Ndivyo alivyoiandika, c-h-u-n-g-u, nilimwona, na mpaka leo ndilo jina la hicho kipengele. Vestina alishika simu akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mtu alisomwa mara moja, Mpawenimana pia, na alionekana kupungukiwa kidogo. Kati ya ambao hawajapata, wa kwanza alikuwa Akimana.

Watu walipiga makofi. Akimana hakupiga wala hakucheka. Alimsogelea Vestina akamuuliza kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu.

"Ni ipi iliyokubaliwa?"

"Ipi nini?"

"Kati ya zile samahani."

"Hakuna kosa, Akimana. Ilikuwa Januari tu."

Akimana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelewa kwamba mwenzake amekatazwa kusema.

Mama mdogo alitaka picha ya Akimana na mtamba wake. Alisema hajawahi kumwona mtu aliyepata kitu kwa kazi yake, na huyu alikuwa wa kwanza mwenye miguu. Alikwenda akasimama barabarani, mahali pazuri penye mwanga, simu tayari mkononi, maana nyumba ya Akimana iko ng'ambo ya bonde na njia ni hiyo moja. Alisimama. Alifuta vumbi kwenye viatu. Alisimama tena.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba ya Vestina, nikamwona Akimana akifungua kamba. Hakwenda barabarani. Barabara inapita mbele ya nyumba ya Niyonkuru na ya wengine wanaosubiri bado, na huwezi kumpitisha ng'ombe wako mbele ya mlango wa mtu anayesubiri. Aliingia kwenye mihogo, yeye mbele, mtamba nyuma, na mihogo ilikuwa mirefu, nikawa naona majani tu yanatikisika, yanakwenda yanashuka kuelekea bondeni. Mtamba alilia mara moja. Hakulia tena.

Nilikwenda kumwambia mama mdogo kwamba Akimana hapiti hapa, ameshafika kwake. Alibaki na simu yake mkononi kidogo, akapiga picha ya barabara, halafu tukatafuta bodaboda.